Gidamu za Bwana Mselem

Ukutani mwa chumba cha Bwana Mselem, mtaa wa Langoni, hakuna saa wala kalenda. Kuna nyayo. Ni vipande vya mifuko ya saruji vilivyokatwa kwa umbo la mguu na kutungwa kwenye misumari mirefu, kila kimoja kimeandikwa jina kwa penseli. Mteja akija kushonewa makubadhi, Bwana Mselem humsimamisha juu ya karatasi, akachora kuuzunguka unyayo wake, akakata, akatundika. Mteja huyo akirudi baada ya miaka hapimwi tena; fundi huinua mkono tu akachomoa mguu wake ukutani. Anayefariki, karatasi yake haiondolewi. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwamba watoto wengi huchukua mguu wa baba, na mfuko wa saruji hauna bei.

Makubadhi ni viatu vya ngozi vilivyo wazi, soli yake tabaka juu ya tabaka, na gidamu inayopita baina ya kidole gumba na cha pili kuushika mguu. Bwana Mselem alifundishwa kazi hiyo na babake huko Pate, akavuka kuja Amu, yaani Lamu, akiwa kijana, na hakurudi tena ila kwa misiba na harusi. Ni mtu mfupi, mkavu, ambaye miwani yake imefungwa nyuma ya kichwa kwa uzi uleule wa nta anaoshonea. Akiwa kazini huisemesha ngozi. Ikimkataa huiuliza ilikuwa ng'ombe wa nani.

Mimi nimezaliwa mlango wa tatu kutoka kwake, na ninamwita ami ingawa hatuna udugu wa damu. Nilipomaliza chuo kikuu nikapata kazi katika ofisi ya utafiti wa biashara Nairobi, na kazi yangu ya kwanza ya maana ikanirudisha mtaani kwetu. Chama cha washona viatu kilikuwa kimeomba ushuru wa ndara za mpira zinazotoka ng'ambo uongezwe. Kabla ya kuamua, wakubwa walitaka kujua jambo moja: ndara hizo zikipanda bei, wanunuzi watazihama kwa kiasi gani na kuvigeukia viatu vya hapa nchini? Wakihama kwa wingi, ushuru utamfaa fundi. Wasipohama, utamwumiza mnunuzi bure na fundi asipate kitu. Jibu lake huandikwa kwa nambari moja tu, lakini kuipata nambari hiyo ni lazima uende ukaitazame miguu ya watu.

Nilimkuta Bwana Mselem amekaa mkekani, soli ameibana baina ya magoti. Nikamsalimu, nikamweleza yote kwa utaratibu, kisha nikamwuliza.

“Ami, ndara za dukani kwa Wazir zikipanda bei, ni watu wangapi watakuja kwako?”

Hakuinua kichwa. “Wote.”

“Wote, ami?”

“Wote, mwanangu. Mtu ana miguu miwili. Akivaa ndara, hakuvaa makubadhi. Kila ndara itokayo kwa Wazir ni kubadhi lililokufa kwangu. Andika hivyo.”

Kutoka uani, mkewe Bi Nana, ambaye alikuwa akichagua mchele na kusikiliza kila neno, akasema, “Mwambie na punda. Yeye ana minne, huenda akanunua kote kuwili.”

“Nana, tunazungumza mambo ya nti hapa.”

“Nami nachangia.”

Kulikuwa na sababu ya Bwana Mselem kuling'ang'ania jibu lile. Chumba alichokuwamo kilikuwa cha Bwana Jaafar, aliyekirithi kwa babake pamoja na nyumba nzima. Wazir, mwenye duka la ndara pale pembeni, alitaka kupanuka, na macho yake yalikuwa yameanguka kwenye chumba hicho. Bwana Jaafar si mtu mbaya. Alikuja mwenyewe, akanywa kahawa, akasema kwa adabu kwamba chumba kinachokaa kimya hivyo kinamtia simanzi. Angengoja mpaka Maulidi yaishe. Kama hali ingekuwa ileile, angempa Wazir ufunguo.

“Pate nna nduguye baba,” Bwana Mselem aliniambia siku hiyo. “Nyumba ni kubwa, sitalala nje. Lakini miguu yangu yote iko hapa.” Akauonyesha ukuta kwa ncha ya sindano.

Alikuwa ameweka matumaini yake yote katika ushuru. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyetumwa kuuchunguza, akayaweka kwangu.

Haukupita muda likatokea jambo ambalo mtafiti huliomba na mara chache hulipata. Mzigo wa Wazir ulikwama Mombasa, na ndara chache zilizobaki dukani zikapanda bei hadi karibu mara mbili. Hakuna ushuru ulioongezwa, lakini kwa mnunuzi mambo yalikuwa yaleyale: ndara ghali upande huu wa kichochoro, makubadhi kwa bei yake ya zamani upande wa pili. Sikuwa na haja tena ya kuwauliza watu wangefanya nini. Nilitakiwa nikae kwenye baraza nitazame.

Bwana Mselem aliposikia, aliagiza ngozi kutoka Pate. Zikaja mbichi kiasi, zikajaza ua kwa harufu, na Bi Nana akahamia kupika kwa jirani. Fundi akakata, akapiga tabaka, akatoboa nakshi, akashona. Alishona makubadhi ya mtu yeyote, kwa kutumia miguu ya ukutani, bila kuagizwa, kwa imani kwamba wenyewe wako njiani.

“Yeo watakuya,” alikuwa akisema kila asubuhi akifungua mlango.

Wa kwanza kuja alikuwa Badawi, mchukuzi wa mizigo gatini, mtu mpana mwenye sauti ya kuitia boti. Alishika ndara moja mkononi, ya buluu, gidamu imeng'oka.

“Bwana Mselem, nipigie uzi hapa.”

“Hiki ni nini?”

“Ndara.”

“Naiona kuwa ni ndara. Kwangu imefuata nini?”

“Wazir ameziweka bei ya kiatu cha bwana harusi.”

“Basi nunua hicho kiatu cha bwana harusi. Hivi hapa, chagua.”

Badawi akayatazama makubadhi yaliyopangwa, akalichukua moja, akaligeuza kwa heshima kama mtu aliyeshika mtoto wa mwenzake. “Mazuri, wallahi. Nishuke nayo majini nikapakue saruji?”

“Usishuke nayo majini.”

“Basi nishuke na nini?”

“Hilo muulize Wazir. Mimi nashona ngozi ya ng'ombe.”

“Na huyu wangu ni ng'ombe wa mpira. Hana haki?”

“Toka, Badawi.”

Badawi alitoka akicheka, mguu mmoja una ndara na mwingine hauna. Nyuma yake akaja Bi Kadija, muuza mahamri, na ndara za wanawe watatu ndani ya mfuko. Naye akarudishwa, ingawa kwa maneno laini zaidi. Wakaja wengine. Kichochoro kilichokuwa kimya kikajaa watu walioshika viatu mikononi, na hakuna hata mmoja aliyetaka kununua makubadhi. Bwana Mselem aliwafukuza wote. Alichukulia ni dhihaka, kwamba labda Wazir ndiye anayewatuma.

Nami nikaendelea kuzunguka na swali langu. Kitu kilichonitatiza ni kwamba karibu kila mwanamume niliyemwuliza alikuwa na makubadhi nyumbani. Hawakuyakosa wala hawakuyadharau. Ustadh Harith, anayefundisha madrasa ya mtaani, aliniletea yake nje ili niyaone, yamefungwa ndani ya kitambaa.

“Haya ni ya Idd na ya harusi za watu,” akasema.

“Na kwa nini huendi nayo msikitini, ustadh? Ndara zimekuwa ghali.”

Akanitazama kama anavyowatazama wanafunzi wake wanapouliza swali rahisi mno. “Wewe hujapata kuona mlango wa msikiti watu wakitoka?”

Nilikuwa nimeuona tangu utotoni, lakini sikuwahi kuufikiria. Akanieleza. Watu hutoka kwa pamoja, wanazungumza, wanapeana mikono, na kila mmoja hutia mguu katika ndara iliyo mbele yake. Ndara zote ni sawa. Wewe umeondoka na zangu, mimi nimeondoka na zako, na kesho huenda zikarudiana. Hakuna anayeita jambo hilo wizi, wala hakuna anayegombana. Lakini makubadhi yameshonwa kwa mguu wa mtu mmoja. Mtu mwingine akiyatia mguu kwa kupitiwa, yeye atachubuka, na mwenye nayo atarudi nyumbani akikanyaga mchanga wa moto. Ndiyo maana hayaendi msikitini, wala sokoni, wala pwani.

Nilirudi polepole. Katika masomo yetu tulifundishwa kwamba bidhaa ya nje na ya ndani ni kama ndugu wawili wanaogombea kiti kimoja, na kazi yetu ni kupima ni kwa wepesi gani mmoja humsukuma mwenzake. Sikuona kiti kimoja pale. Niliona viti viwili, na kila mmoja amekaa chake. Ila sikujua nitamwambiaje ami.

Ikawa Ijumaa. Nilikuwa mlangoni pake adhana ilipoadhiniwa. Bwana Mselem aliweka sindano, akaenda kutawadha, akavaa kanzu na kofia. Kisha akatia mkono nyuma ya ubao wa mlango, akatoa viatu, akaviweka chini na kuvaa.

Zilikuwa ndara. Za kijani, zimepauka, za mpira.

Bi Nana alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua. Aliniona ninavyotazama. “Haya, Safaa,” akasema, “muulize sasa lile swali lako.”

“Ami,” nikasema, “na makubadhi yako?”

“Niende nayo msikitini?” Alilitamka kama mtu aliyeambiwa aende na kitanda. Halafu akajisikia mwenyewe. Akainamisha kichwa, akaitazama miguu yake. Gidamu moja ya zile ndara haikuwa ya mpira. Ilikuwa ya ngozi nyekundu, imeshonwa vizuri sana.

“Hii ilikatika,” akasema. “Nikatia kipande.”

“Kumbe ng'ombe wa mpira naye ana fundi,” akasema Bi Nana.

Bwana Mselem akaenda zake akasali.

Aliporudi alikaa mkekani bila kushika chombo. Bi Nana akatuletea chai ya tangawizi, akaketi nasi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake wakati wa kazi.

“Utaandika nini?” Bwana Mselem akaniuliza.

“Nitaandika kwamba nambari ni ndogo, ami. Ndara zikipanda bei, watu hawahamii makubadhi. Wanazifunga kwa kamba, au wanatembea pekupeku wakingoja zishuke.”

“Kwa hivyo ushuru hauongezwi.”

“Huko si kwangu, ami. Wataamua wao. Lakini siwezi kuwaambia kwamba ukiongezwa utakuletea wateja. Ungekuletea, ningeandika kwa mikono miwili.”

Aliinywa chai yake mpaka chini. “Na mimi umenitia katika hesabu hiyo?”

“Umo.”

“Kwa lile jibu nililokupa, au kwa hizi?” Akainua mguu.

“Kwa hizo, ami.”

Nilidhani ataghadhibika. Bega lake likaanza kutikisika, nikaogopa analia, kumbe anacheka, kicheko kikavu kisicho na sauti. Kilipokwisha uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka. Maulidi yalikuwa yamekaribia.

“Niende nikazungumze na Bwana Jaafar?” nikasema.

“Umwambie nini? Kwamba nambari yangu ni ndogo?”

Bi Nana akavikusanya vikombe na kusema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia chumvi, “Badawi yuko barazani kwa Ustadh. Mguu mmoja ameufunga gazeti.”

Bwana Mselem akalichukua kubadhi moja katika yale mapya, akalitazama, akalirudisha. Akatoka mpaka mlangoni. “Badawi,” akaita. “Mlete huyo ng'ombe wako.”

Gidamu ile ya kwanza aliikata kwenye mabaki, ngozi nyekundu aliyokuwa ameitia rangi kwa ajili ya viatu vya harusi. Akatoboa mpira, akapitisha ngozi, akaifunga chini kwa fundo bapa lisiloumiza unyayo. Alifanya kazi hiyo akiguna. Alisema mpira hauna mishipa, haumjibu mtu. Badawi alivaa, akapiga hatua chache kichochoroni, akasema inabana kama mkwe. Na kweli, siku ya pili alirudi amechubuka baina ya vidole. Fundi akajifunza kwamba ngozi ya namna ile, iliyo nyembamba na inayolowa kila siku, lazima kwanza isuguliwe mafuta ya nazi mpaka ilegee. Akaitoa, akaisugua, akairudisha. Mara hii Badawi hakulalamika.

Kilichowaleta watu, hata hivyo, si ulaini. Badawi alitoka msikitini siku moja akaona ndara zake kutoka mbali, gidamu nyekundu katikati ya ndara zote za buluu na kijani, zimengoja palepale alipoziacha. Akalitangaza jambo hilo gati nzima. Zamani hakuna aliyejali kuondoka na ndara za mwenzake. Lakini sasa aliyenunua mpya kwa bei ile ya Wazir alikuwa akisali huku roho yake iko mlangoni. Ustadh Harith akaja akataka gidamu nyeusi yenye mshono mweupe. Bi Kadija akaleta za wanawe, kila mtoto rangi yake, akasema angalau ugomvi wa asubuhi umepungua. Bwana Mselem aliwahudumia wote. Kila mara mtu akimwita fundi wa ndara, alimrekebisha.

Kisha mzigo wa Wazir ukafika, bei ikashuka, na kwa siku kadhaa baraza likawa tupu. Nilimwona akiyapanga upya yale makubadhi aliyoyashona kwa matumaini, akiyapangusa vumbi. Wengine hawakurudi kabisa. Ndara ikikatika waliitupa wakanunua nyingine, kama zamani. Lakini wengine walianza kufanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelitarajia. Walinunua ndara mpya kwa Wazir, wakavuka kichochoro nazo zikiwa bado na karatasi, wakamwambia Bwana Mselem ang'oe gidamu ya mpira kabla haijaguswa na mguu, awatie ya ngozi. Walikuwa wamezoea kuzijua ndara zao.

Maulidi yakaja, yakapita. Jioni moja baada ya alasiri nilikwenda kuwaaga, kwa kuwa ripoti yangu ilikuwa imekamilika na ofisi ilikuwa ikinihitaji. Kwenye baraza walikaa watu wanne au watano, Badawi akiwa mmoja wao, wakingoja zamu. Ndipo Bwana Jaafar akatokea pembeni ya kichochoro. Kanzu ameishika juu kidogo, anatembea kwa tahadhari, kwani alikuwa pekupeku. Mkononi alikuwa amebeba ndara kuukuu zilizokwisha visigino.

Watu wakampisha. Bwana Mselem akaacha kushona.

“Salaam aleikum. Nimekuya kwa lile jambo letu, Bwana Mselem.”

“Wa aleikumu salaam. Karibu. Mbona hivyo?”

“Natoka msikitini. Ndara zangu za juzi, mpya, zimeondoka na mtu. Ameniachia hizi.” Akaziinua ili wote wazione.

“Mimi simo, Bwana Jaafar,” akasema Badawi. “Zangu zina nyekundu, muulize yeyote.”

Baraza lote likacheka, na Bwana Jaafar naye akacheka, kidogo. Akaingia ndani, akakaa kwenye kigoda cha wateja. Macho yake yakapanda ukutani, yakatembea juu ya zile karatasi, yakasimama.

“Hii ni ya marehemu baba?”

“Ni yake. Alipenda kisigino kirefu.” Bwana Mselem alikwishazichukua zile ndara kuukuu mkononi mwake, akazipinda, akazinusa, akazitupa kando. “Hizi zimekufa. Nenda ukanunue mpya, uniletee kabla hujazivaa. Rangi gani?”

“Ya nini?”

“Ya gidamu. Nyekundu ni ya Badawi, nyeusi ni ya Ustadh.”

Bwana Jaafar alifikiri. Akageuka akawatazama watu waliokaa barazani, kisha chumba, kisha mimi, kana kwamba nina karatasi ya kumwonyesha. Sikuwa nayo. “Ya manjano ipo?”

“Nitaitia. Weka mguu hapa.”

Akauweka mguu wake juu ya goti la Bwana Mselem, na fundi akaupima kwa ukanda wa ngozi, kutoka kidole hadi kifundo.

“Na Wazir?” akauliza Bwana Jaafar. “Anangoja ufunguo pale dukani kwake. Nimwambie nini?”

Bwana Mselem alikuwa na ukanda mwingine ameuuma kinywani. Akautoa kwanza, akaulainisha baina ya vidole.

“Mwambie alete ndara nyingi.”